Uliishia la saba na unataka kusoma sekondari kwa simu? Nilivyopita mimi hapa Mwanza

Dada, umesema una miaka 34, uliishia la saba, unauza mitumba Buzuruga, na unauliza kama mtu anaweza kusoma sekondari kwa simu bila kukaa darasani. Inawezekana, nimepita humo. Ila usianze na simu, anza na mtihani.

Kwa aliyeishia la saba njia ni QT, ule Mtihani wa Maarifa wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Ukifaulu ndipo unasajiliwa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili ni mwanzoni mwa mwaka, ukichelewa unalipa na faini. Mimi mara ya kwanza nilikabidhi hela kwenye kituo kimoja mjini, nikaambiwa "tulia, jina lipo". Novemba jina halikuwepo. Mwaka mzima ukaenda na maji, na niliumia sana. Basi ada ya mtihani ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, na usitulie mpaka umeiona namba yako ya mtahiniwa.

Vitabu vya kiada vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Hesabu nilisomea Khan Academy, nayo bure: nanunua bando la usiku, napakua video, mchana natazama bila intaneti.

Mlima wenyewe ni Kiingereza, maana sekondari karibu kila somo linafundishwa na kutahiniwa kwa lugha hiyo. Kwenye biolojia, osmosisi ilinisumbua wiki nzima; nilikariri sentensi nisiyoielewa. Siku moja pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, nikamwona mama mmoja anapaka chumvi sangara wa kayabo, wale wa kukaushwa, maji yanachuruzika chini ya meza. Nikasimama kabisa. Kumbe ndiyo hii! Maji yanatoka ndani ya nyama kufuata chumvi. Jioni nikakata kipande cha kiazi nikakiloweka kwenye maji ya chumvi, asubuhi kimelegea. Sijawahi kulisahau tena.

Kuhusu muda: mimi kazi yangu ni kupokea dagaa. Siku za giza nakesha kazini. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na hapo ndipo nilipokuwa nasoma kwelikweli. Wewe siku ya kufungua belo usijipangie kusoma, utachoka bure.

Na tafuta mtu wa kukusahihishia. Simu haikuambii insha yako imepotoka wapi. Mimi nilikuwa nampelekea mwalimu mmoja wa Igoma karatasi zangu kila Jumamosi, ananirudishia zimejaa wino mwekundu. Ukikosa mtu, ulizia ofisi ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya hapa mkoani. Huko mbele Chuo Kikuu Huria nacho kina kituo Mwanza, huna haja ya kuhamia Dar.

Niandikie Kiingereza chako kimefikia wapi, nikwambie uanze na kitabu kipi.