Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Watu Humiminika Venice?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila mara nasoma kwamba Venice, mji wa Italia, hufurika maji, kwamba vyumba vyake ni ghali kupindukia, na kwamba tangu Aprili 2024 mgeni anayekwenda kushinda tu na kurudi hutozwa ada katika baadhi ya siku, iliyoanza kwa yuro 5. Hata hivyo wageni hawapungui. Ni kitu gani hasa kinachowavuta?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Ndugu msomaji, wengi wakiulizwa swali lako hutaja gondola, zile boti nyembamba za kasia, na Kanisa la San Marco, wala hawakosei, ila kwa maoni yangu kinachomteka mgeni kabla ya hayo ni jambo lisiloonekana vizuri pichani, nalo ni kutokuwapo kwa magari. Garimoshi huvuka daraja refu lililofunguliwa mwaka 1846, mabasi na magari madogo hupita kwenye lile la 1933 lililo ubavuni mwake, lakini vyote hukomea ukingoni mwa mji. Kutoka hapo ni miguu au chombo cha majini. Basi la abiria ni boti, wagonjwa hukimbizwa hospitali kwa boti, takataka huzolewa kwa boti, na jeneza husafirishwa kwa boti hadi San Michele, kisiwa cha makaburi. Mtu aliyezoea honi na foleni huanza kusikia nyayo zake mwenyewe juu ya mawe.

Mji wenyewe umekaa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100, vilivyounganishwa kwa madaraja zaidi ya 400, ndani ya wangwa mpana uliotengwa na bahari ya Adriatic kwa vipande vyembamba vya mchanga. Waliouanzisha walikuwa watu wa bara waliokimbia wavamizi, wakaona heri matope kuliko upanga. Ili nyumba za mawe zisizame, walishindilia chini maelfu kwa maelfu ya nguzo za miti, wakajenga juu yake. Msomaji atauliza mbona miti hiyo haijaoza: ndani ya matope yaliyojaa maji hakuna hewa ya kutosha kwa vijidudu vinavyoozesha mbao, hivyo uozaji huenda polepole mno.

Kutoka katika matope hayo ilitokea dola ya wafanyabiashara, iliyopitisha pilipili manga na hariri za Mashariki kuelekea Ulaya, ikadumu hadi Napoleon, jemadari wa Ufaransa, alipoiangusha mwaka 1797. Utajiri huo ndio unaotazamwa leo katika majumba ya kando ya Mfereji Mkuu, ingawa si wote uliopatikana kwa mizani. Farasi wanne wa San Marco waliletwa kama ngawira kutoka Constantinople (Istanbul ya leo), iliyotekwa mwaka 1204; Napoleon naye akawachukua hadi Paris, wakarudishwa mwaka 1815. Walio nje juu ya mlango ni nakala, wenyewe wamehifadhiwa ndani. Mafundi wa vioo walihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291 kwa kuhofiwa moto wa tanuri zao, na shanga za Venice zilikuja kusafirishwa mbali, zikafika hata Afrika Mashariki katika biashara ya karne ya 19.

Gondola nayo inastahili kutazamwa kwa jicho la fundi. Ni chombo cha mita 11 hivi, kilichoundwa upogo kwa makusudi: ubavu wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia, kwa sababu mwendeshaji husimama tezini akipiga kasia moja tu upande wa kulia, na chombo chenye mbavu sawa kingekuwa kikimgeukia kushoto kila apigapo.

Kuhusu mafuriko, ni kweli kwamba tarehe 12 Novemba 2019 maji yalipanda hadi sentimita 187 juu ya alama ya kipimo cha mji. Tangu Oktoba 2020, maji makubwa yanapotarajiwa, milango 78 ya chuma huinuliwa kutoka chini ya bahari, pale bahari inapoingilia wangwani, na kuyazuia. Hatari iliyobaki, kwa jinsi niionavyo, ni wageni wenyewe: mwaka 1951 mji wa kale ulikuwa na wakazi wapatao 175,000, na sasa hawafiki 50,000, kwani nyumba nyingi zimegeuzwa vyumba vya wapita njia.

Ukijaliwa kwenda, usishinde tu, bali ulale. Jioni, wageni wa mchana wakishapanda garimoshi, ondoka kwenye njia kuu inayotoka daraja la Rialto kwenda San Marco, uvuke madaraja mawili matatu bila kutazama ramani. Ile ada ya kuingia nayo hutozwi, kwa kuwa anayelala mjini hulipa kodi ya malazi hotelini.