Fungu la kumi: mauzo au faida?
Dada yangu, umeuliza kama wewe unayeuza machungwa ya Muheza hapa Tanga mjini utoe fungu la kumi (sehemu moja ya kumi inayotolewa kwa Mungu) katika mauzo yote au katika faida. Torati ilihesabu mazao ya shamba na mifugo, yaani ongezeko, kwa hiyo naona ni halali uondoe kwanza bei ya tenga, nauli na ushuru wa soko. Wanaotukumbusha Malaki 3:10, panapoagiza kuleta zaka kamili, kila Jumapili (na ni wengi) ni nadra kusoma Kumbukumbu la Torati 14:28-29, ambapo fungu la kila mwaka wa tatu liliwekwa ili Mlawi (wa kabila la wahudumu wa ibada), mgeni, yatima na mjane wale, washibe. Paulo, katika 2 Wakorintho 9:7, hataji kiwango chochote. Anataka kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, bila kulazimishwa.