Jina Linakufikisha Kwenye Usaili Tu

Swali linalowaangusha wachezaji wastaafu wengi kwenye usaili wala si gumu. Ni hili: "Tukikuajiri, wiki ya kwanza utatufanyia nini?" Nimewahi kuulizwa nikiwa naomba kazi, na siku hizi namsikia mwenzangu akiliuliza nikiwa nimekaa upande wa pili wa meza, kwa sababu kampuni ninayofanyia kazi, ya kusambaza dawa hospitalini, huniweka kwenye jopo kila inapotafuta watu wa ghala na usafirishaji. Kabla ya hapo nilicheza soka la kulipwa, beki wa kati, mpaka goti likakataa. Sikuwa nyota. Nilikuwa mchezaji wa aina ile ambaye mashabiki wa timu yake wanamkumbuka, na watu wengine wote wanahisi wamemfananisha.

Nawaandikia wenzangu waliotundika daluga, au wanaokaribia kutundika, na wanataka kazi ya kawaida yenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Wanaotaka ukocha au kuchambua mechi kwenye televisheni wana njia yao, na nafasi zenyewe ni chache kuliko watu wanaozipigia foleni.

Jambo la kwanza: usaili utaupata. Jina, hata dogo kama langu, linatosha mtu wa rasilimali watu kuuvuta wasifu wako kutoka kwenye rundo. Ukiingia, mmoja atakuuliza kuhusu ile penalti, mwingine atataka picha ampelekee mwanawe, na nusu saa itaisha kwa vicheko. Mtaagana vizuri sana. Kisha simu haipigwi. Si kwamba walikudharau. Wakishakaa kujaza fomu za alama wanakuta hawana cha kuandika mbele ya jina lako, wakati yule kijana aliyekutangulia, ambaye hakuna aliyetaka kupiga naye picha, amewaeleza jinsi alivyohesabu mali mahali alipokuwa na jinsi alivyogundua kwa nini hesabu haikulingana na vitabu.

Kwa hiyo soka lijibu kwa sentensi mbili, halafu wewe mwenyewe uyavute mazungumzo yarudi kwenye kazi. Usingoje wao wayarudishe, maana wanafurahi. Kwa mfano: "Ndiyo, ile penalti niliipiga mimi. Msimu ule pia nilikuwa nahodha, mishahara ikachelewa, na mimi ndiye niliyekuwa nikienda kwa uongozi kuwasemea wenzangu hadi tukaandikiana ratiba ya malipo na hakuna mechi iliyogomewa." Hapo aliyeshika kalamu ana kitu cha kuandika. Ameambiwa kwamba ulisimama katikati ya mgogoro wa pesa, kati ya watu wenye hasira na watu wasio na majibu, na mambo yakaenda.

Wasifu nao uandikwe kwa moyo huohuo. "Nidhamu, kujituma, kufanya kazi kwa ushirikiano": maneno haya nayakuta kwenye wasifu karibu wote, wakiwemo wa watu waliochelewa kufika kwenye usaili wenyewe. Ni kweli mchezaji ana nidhamu, lakini neno peke yake halimsaidii mwajiri. Mwandikie lilivyoonekana. Uliumia, ukafuata ratiba ya tiba kwa miezi mingi bila kusimamiwa na mtu, ukarudi uwanjani. Ulihamia ligi ya nchi nyingine ukajifunza lugha yao kiasi cha kupanga ukuta wa mabeki kwa lugha hiyo. Kila wiki ulikaa na video za wapinzani ukitafuta wanachorudia. Ulikwenda kwenye shughuli za wadhamini ukaongea na watu usiowajua kwa heshima hata siku mliyofungwa. Hizo zote ni kazi. Klabu iandike kama mwajiri mwingine yeyote: jina lake, miaka uliyokaa, wadhifa, majukumu. Idadi ya mabao na vikombe iwe mstari mmoja chini kabisa.

Jeraha lililokustaafisha litaje kwa ufupi, na useme kazi gani mwili wako unaiweza. Mwajiri akisikia neno "goti" halafu ukanyamaza, atajaza mwenyewe nafasi uliyoacha, na atajaza vibaya. Mimi nilisema siwezi kubeba mizigo mizito siku nzima ila naweza kusimama, kutembea na kuendesha gari, tukamaliza hapo.

Nitakaa kidogo kwenye jambo la hadhi, kwa sababu ndilo linalowafanya wengi wasiombe kazi kabisa. Mchezaji akionekana amevaa sare ya kazi ya kawaida, watu husema ameishiwa. Ray Wilson alikuwa beki wa kushoto wa Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1966. Baada ya soka alifanya kazi ya kuandaa mazishi, akaifanya kwa miaka mingi mpaka akastaafu. Mtu mwenye medali ya Kombe la Dunia alizika watu wa mji wake kwa heshima, na sijaona aibu iko wapi hapo. Vin Baker, aliyecheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na kutwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2000, alipoteza mamilioni na kupambana na ulevi. Mwaka 2015 habari zilienea kwamba anafanya kazi katika mgahawa wa Starbucks akijifunza umeneja. Wengi walizisoma kwa kumhurumia. Miaka michache baadaye alikuwa kocha msaidizi wa Milwaukee Bucks, timu ya NBA, lakini hata asingerudi kwenye kikapu, mtu anayeamka alfajiri kwenda kujipatia riziki si wa kuhurumiwa.

Na usidhani tatizo la pesa ni la wale tuliolipwa kidogo. Watafiti wa uchumi nchini Marekani walifuatilia wachezaji wa NFL, ligi ya soka la Kimarekani, walioingia ligi kati ya mwaka 1996 na 2003, na mwaka 2015 wakaeleza kwamba karibu asilimia 16 yao walitangaza kufilisika ndani ya miaka 12 baada ya kustaafu. Kilichonishtua ni kwamba aliyelipwa sana na aliyecheza muda mrefu hawakuwa salama zaidi kuliko wenzao. Mapato yanakuja yote kwa pamoja ukiwa kijana, kisha yanakatika ukiwa na miaka thelathini na kitu, wakati familia na marafiki wameshazoea. Kabla hujaomba kazi, waite wanaokutegemea uwaambie mshahara wa kawaida ni kiasi gani. Ni mazungumzo machungu. Usipoyafanya, utakuwa unakataa kazi nzuri kwa sababu mshahara wake hautoshi kulipia maisha ambayo tayari yamekwisha.

Katika hili wachezaji wa kike wametutangulia. Ligi nyingi za wanawake hulipa kidogo au hazilipi kabisa, kwa hiyo wengi wao hucheza huku wakisoma au wakifanya kazi. Dada anayestaafu soka mara nyingi ameshawahi kuomba likizo, kujaza taarifa ya mwezi na kugombana na meneja. Sisi wengine tulikuwa hata tiketi za ndege tunakatiwa.

Elimu je? Kama bado unacheza, anza sasa, maana mazoezi mara nyingi huisha mapema na saa zinazobaki huliwa na simu na usingizi. Alan Page alikuwa mlinzi mkali wa Minnesota Vikings, timu ya soka la Kimarekani, akachaguliwa mchezaji bora wa NFL mwaka 1971. Alisoma sheria huku akicheza, akamaliza mwaka 1978, akaendelea kucheza hadi mwaka 1981, na kuanzia mwaka 1993 hadi 2015 alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Minnesota. Kama umeshastaafu, mtazame Stuart Ripley, winga wa Blackburn Rovers iliyotwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 1995. Alikwenda chuo baada ya soka, akawa mwanasheria. George Weah naye, mchezaji bora wa dunia wa mwaka 1995, aligombea urais wa Liberia mwaka 2005 akashindwa, na wapinzani wake walilisema sana suala la elimu yake. Alirudi darasani, akapata shahada ya usimamizi wa biashara mwaka 2011, na uchaguzi wa mwaka 2017 akashinda.

Si lazima iwe shahada, lakini. Kwa kazi nyingi ninazoziona mimi, cheti kifupi cha usimamizi wa ghala, uhasibu wa awali, usalama kazini au udereva wa magari makubwa kinakupeleka mbali zaidi kuliko shahada utakayoianza na kuiacha. Ulizia pia chama chako cha wachezaji kabla hujatoa pesa yako mfukoni. Chama cha wachezaji wa Uingereza, PFA, kilichoanzishwa mwaka 1907, huwasaidia wanachama wake kugharimia masomo, hata waliokwisha kustaafu. Waliowahi kushiriki Olimpiki wana mpango wa Athlete365 Career+ wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, unaofundisha mambo haya haya ya wasifu na usaili. Vyama vya nchi nyingine hutofautiana, ila swali ni la bure.

Kuhusu mahali pa kutafuta, anza na watu waliokuwa pembeni ya uwanja. Wakala wako hatakusaidia, biashara yake ni usajili. Lakini mhasibu wa klabu, daktari wa timu, yule mtu wa mdhamini aliyekuwa akileta jezi, dereva wa basi, shabiki wa jukwaa kuu ambaye kumbe ni meneja wa kiwanda: hao wana kazi halisi na wanazijua kampuni. Usiwaombe kazi. Waombe dakika chache wakueleze siku yao kazini inavyokwenda. Utajifunza majina ya vitu, na ukifika kwenye usaili huonekani mgeni.

Ukiajiriwa, kuna mambo mawili yatakusumbua ambayo hakuna aliyeniambia. La kwanza ni ukimya. Kwenye soka unajua kila wiki umefanya vizuri au vibaya. Unajulishwa na kocha, na jukwaa, na gazeti, na benchi. Ofisini unaweza kufanya kazi miezi mizima bila mtu kukwambia lolote, na mchezaji aliyezoea kupangwa au kuachwa kikosini huanza kuuona ukimya ule kama dalili ya kufukuzwa. Mwendee msimamizi wako kila mwisho wa wiki za mwanzo umuulize kitu kimoja tu unachopaswa kukirekebisha. Wengi hushangaa, kisha hufurahi, kwa sababu wafanyakazi wengine hukimbia swali hilo. Usijali akiwa mdogo kwako kwa umri. Umewahi kupokea maelekezo kutoka kwa makocha waliokuwa hawajui hata kuupiga mpira.

La pili ni mdomo. Lugha tuliyokuwa tukitumia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na zile kelele za kumwamsha mwenzako aliyelala kwenye kona, ofisini zinaitwa utovu wa nidhamu na zina barua yake. Mwenzako akikosea hesabu, mfuate mezani umwambie taratibu. Kwangu hili lilikuwa gumu kuliko kompyuta.

Sasa onyo. Zipo kazi zinazomtafuta mchezaji mstaafu zenyewe, tena kwa haraka ya kutia shaka. Utapigiwa simu, utaambiwa unafaa kuwa "balozi" wa bima, viwanja au mpango fulani wa uwekezaji. Mshahara hakuna, ni kamisheni, lakini kamisheni wanavyoihesabu mbele yako ni nono. Wanachokitaka ni namba zilizomo kwenye simu yako: wachezaji wenzako, viongozi, mashabiki wenye uwezo. Ukishawauzia hao wote, nawe umekwisha, na mpango ukianguka ni jina lako litakalolaumiwa na watu uliokula nao kambini. Mimi niliulizia jambo moja: kama hakuna ninayemjua atakayenunua, mwisho wa mwezi nitalipwa nini? Aliyenipigia alianza kuniita mtu nisiye na maono, nikakata simu. Kuuza kwa kamisheni ni kazi halali na wapo wanaoiweza vizuri sana. Ila waliosomea kuuza hupewa mafunzo, eneo na wateja wapya. Ukiona wewe hupewi hivyo vyote, ujue kilichoajiriwa ni orodha yako ya simu.

Kitu kimoja cha mwisho, na hiki kifanye hata kama bado una mwaka mmoja kwenye mkataba. Omba klabu ikuandikie barua yenye muhuri inayoonyesha ulianza lini, uliondoka lini, wadhifa wako na michango ya pensheni iliyokatwa kwenye mshahara wako, kama ilikatwa. Mwajiri mpya ataihitaji kuthibitisha ulikuwa wapi miaka yote hiyo, na picha za gazetini hazikubaliki kwenye faili la mfanyakazi. Klabu hubadilisha uongozi, nyingine hushuka daraja au kuuzwa, na nyaraka huhamishwa kwenye maboksi yasiyojulikana yaliko. Nenda kaichukue wakati katibu aliyekusajili bado yupo na anakumbuka jina lako la tatu.