Uliza Mwalimu: Kamera inachanganya korosho jua likipanda

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tuko vijana kadhaa hapa Newala, tunabangua korosho na kuzichambua kwa mkono. Nimeunganisha kamera na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ili itambue zilizoungua katikati ya nyeupe. Asubuhi inafanya vizuri. Jua likifika utosini inazipitisha karibu zote kuwa nyeupe, na usiku chini ya balbu ya njano hata zilizo safi inasema zimeungua. Kila mara nabadilisha namba kwenye programu. Je, ninunue kamera ya bei kubwa?
Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kamera usinunue, na hizo namba ziache kwanza. Nimekulia Tandahimba, najua mama zetu wanavyoinama juu ya masinia kutwa nzima wakichambua, kwa hiyo kazi yako naitakia heri kwa moyo wote. Ila umeanzia kwenye programu, na tatizo liko kwenye mwanga.

Jua kali la adhuhuri hufikia lux (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi. Chumbani ni mia chache tu. Jicho hujirekebisha bila wewe kujua. Kamera nayo hujirekebisha, na hapo ndipo inapokuponza. Ukiweka sinia lililojaa zilizoungua, inaona giza, inaongeza mwanga, kahawia inapauka. Kisha kipimo chake cha weupe kinadhani taa ndiyo yenye ukahawia, kinaufuta. Yaani inakuficha kitu kilekile unachokitafuta! Ingia kwenye mipangilio, zima marekebisho yote mawili, ya mwanga (exposure) na ya weupe (white balance), kila moja yabaki kwenye thamani moja.

Hayo hayatakusaidia kama jua bado linaingia. Tengeneza sanduku la mbao, ndani upake rangi nyeupe isiyong'aa. Kamera ikae juu, taa za LED pembeni zikitazama kuta ili mwanga urudi ukiwa laini. Korosho ina mafuta: taa ikiipiga moja kwa moja inametameta, na programu itauhesabu ule mmeto kuwa weupe. Taa ziendeshe kwa betri ya volti 12, maana umeme wetu wa gridi ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kwa kila mzunguko balbu nyingi hupepesa mara mbili, jumla mara 100 kwa sekunde, na picha hutoka na michirizi.

Kwenye kona ya picha bandika kipande cha kigae cheupe. Programu huhesabu mwangaza kuanzia 0, giza tupu, hadi 255, weupe tupu; punguza mwanga hadi kigae kisomeke kama 220. Kikigonga 255, rangi imepotea na hakuna programu itakayoirudisha. Kwa kila picha, gawanya nyekundu, kijani na bluu ya korosho kwa zile za kigae, ndipo uamue.

Watakushauri njia ya Nobuyuki Otsu ya mwaka 1979, inayotafuta kizingiti, yaani namba ya mpaka kati ya giza na weupe, kutoka kwenye picha yenyewe. Itumie kutenganisha korosho na sinia la bluu, basi. Kwa kuchambua daraja, hapana: sinia likiwa na korosho safi tupu, bado itazigawa mafungu mawili, nanyi mtatupa mali nzuri.

Ukimaliza, piga picha za sinia lilelile asubuhi, adhuhuri na usiku, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Thamani ya kigae ikisogea, mwanga bado unavuja mahali. Tafuta tundu hilo, kizingiti usikiguse.