Profoma tatu, madirisha yale yale?

Wiki hii barua nyingi zimetoka magharibi, Kigoma na Tabora, na karibu zote zinahusu madirisha. Tumechagua nne.

Swali: Nipo Mwanga, Kigoma. Nataka kung'oa madirisha ya mbao niweke ya aluminiamu ya kusukuma: sita ya futi 5 kwa 5 na mawili ya choo, futi 2 kwa 2. Nina profoma tatu, yaani makadirio ya bei ya maandishi. Fundi wa kwanza kaniandikia 2,054,000 pamoja na wavu, kung'oa na kufunga, kioo cha milimita 4. Wa pili 2,528,000, kila kitu hadi kuziba plasta, kioo cha milimita 5. Wa tatu 1,738,000, ila kaandika tu "madirisha 8 aluminiamu na vioo". Nilipompigia akasema wavu ni 30,000 kwa kila dirisha kubwa, kung'oa na kufunga 25,000 kwa kila dirisha, usafiri 60,000. Mume wangu anamtaka wa tatu. Naombeni ushauri. *Msomaji, Mwanga.*

Jibu: Dada, kabla hamjabishana zaidi na shemeji yetu, zigeuzeni bei zote ziwe za futi moja ya mraba. Madirisha makubwa sita ni futi za mraba 150, yale mawili ya choo ni 8, jumla 158. Wa kwanza anakuuzia futi kwa 13,000, wa pili kwa 16,000, wa tatu kwa 11,000. Sasa mwongezee wa tatu vile alivyovisema kwenye simu: wavu 180,000, kung'oa na kufunga 200,000, usafiri 60,000. Anafika 2,178,000, karibu 13,800 kwa futi. Tayari kampita wa kwanza, na madirisha ya choo bado hayana wavu. Kwa mkoa wenye malaria kama Kigoma, choo bila wavu ni mlango wa mbu.

Kwa hiyo shindano la kweli ni kati ya wa kwanza na wa pili, na tofauti yao ni 474,000. Kuziba plasta kunakula sehemu ya hela hiyo. Sehemu nyingine iko kwenye kioo, na kubwa zaidi huenda ikawa kwenye kitu ambacho hawajakuandikia kabisa: unene wa profaili, yaani vile vipande virefu vya aluminiamu vinavyounda fremu.

Kioo kina hesabu nyepesi. Mita moja ya mraba ina uzito wa kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene. Dirisha la futi 5 kwa 5 lina karibu mita za mraba 2.3, kwa hiyo kioo cha milimita 4 kina kilo 23 na cha milimita 5 kilo 29. Mzigo huo unakaa juu ya vigurudumu vinne vidogo, viwili kwa kila jani, yaani kila upande wa dirisha unaosukumwa. Fundi anayekupa kioo kinene juu ya vigurudumu vya plastiki tupu na profaili laini hajakufanyia hisani, maana dirisha litaanza kukwama mapema kuliko lile la kioo chembamba. Ulizia vigurudumu vyenye beringi.

Unene wa profaili haupimwi kwa macho. Mwombe kila fundi kipande cha masalia ya profaili atakayotumia, kisha kipimwe kwa venia (kipimo cha kubana cha mafundi) kwenye ukuta wake, mahali pasipo na mkunjo. Kwa dirisha la ukubwa wako tusingekubali chini ya milimita 1.2, na 1.4 ni bora. Milimita 1 waachie madirisha ya choo. Kama hakuna venia, kata vipande viwili vya umbo lilelile, urefu uleule, uvipeleke kwenye mzani wa duka la jirani: cha 1.4 kitakizidi cha 1.0 kwa karibu mbili ya tano ya uzito. Ukienda kuangalia kazi aliyokwisha kufanya kwingine, funga dirisha, weka kiganja kwenye nguzo ya katikati ambako majani mawili yanakutana, katikati ya urefu wake, usukume. Ikibonyea na kioo kikalia, umeshapata jibu lako. Upepo wa ziwani utaisukuma hivyohivyo kila siku.

Uliza pia reli ya chini ina njia ngapi. Ya njia tatu inabeba majani mawili ya kioo na moja la wavu, nalo linasukumwa na kutolewa kwa ajili ya kuoshwa. Ya njia mbili haina nafasi ya wavu, kwa hiyo wavu hupigwa riveti kwa nje, na siku ukichanika au ukijaa vumbi lazima umwite fundi. Wote wawili watakuandikia "na wavu" bila kueleza ni upi.

Fanya hivi: andika karatasi moja, uwape wote watatu karatasi hiyohiyo, wapige bei upya. Iseme ukubwa na idadi, unene wa kioo, unene wa profaili kwa milimita, njia tatu, vigurudumu vya beringi, skrubu zisizoshika kutu, matundu ya kutolea maji kwenye reli, kung'oa, kufunga, kuziba plasta ndani na nje, usafiri, na kwamba kioo kikivunjika kabla ya kukabidhiwa ni hasara ya fundi. Hilo la mwisho usiliache, kwa sababu vioo vinasafirishwa safari ndefu mpaka vifike kwenu. Uliza kama bei ina VAT na kama utapewa risiti ya EFD. Vipimo vya kukatia usivitoe wewe. Aje apime mwenyewe kila tundu, upana mahali patatu, urefu mahali patatu, na mishazari miwili, kisha achukue kipimo kidogo kabisa na kupunguza kama sentimita moja ya nafasi. Fundi anayekata madirisha sita kwa kipimo cha dirisha moja mwache aende, maana matundu ya nyumba iliyojengwa kwa mkono hayafanani hata siku moja.

Malipo yakatwe vipande: kianzio cha vifaa, sehemu ya pili madirisha yakifika nyumbani na ukishapima kioo ukingoni kabla hayajafungwa, na angalau sehemu ya kumi ibaki mpaka jaribio la maji, yaani kulimwagia dirisha maji kwa nje uone kama yanaingia. Wala asing'oe yote kwa siku moja. Mawili yang'olewe, mawili yafungwe, ndipo aendelee.

Kwa madirisha yanayotazama ziwa tungemchukua wa pili, akithibitisha profaili. Kwa yale ya choo mwambie aweke kioo cha milimita 4 cha maua na apunguze bei.

Swali: Mimi ni mstaafu, naishi Isevya, Tabora. Fremu zangu ni za mninga, za siku nyingi. Mbili mchwa wamezila kwa chini. Fundi anasema asizing'oe, atachomeka aluminiamu ndani ya fremu zote kumi na moja ili kupunguza gharama. Ni sawa? *Mzee wa Isevya.*

Jibu: Shikamoo mzee wetu. Chukua bisibisi, uichome kwenye kila fremu: pembe mbili za chini, kizingiti, na pale mbao inapogusa ukuta. Ikiingia kwa urahisi zaidi ya sentimita moja, fremu hiyo ing'olewe. Skrubu ya aluminiamu ikishikiliwa na mbao iliyoliwa haishiki kitu, na mchwa wakiendelea, dirisha jipya litaning'inia kwenye silikoni peke yake.

Moyo wa mninga, ile sehemu nyekundu ya kahawia, mchwa hawauwezi kirahisi. Wanachokula ni upande mweupe wa nje, na mafundi wengi huuacha kwenye fremu ili mbao isipotee. Kwa hiyo huenda zile tisa zilizobaki ni nzima kabisa. Kama ni nzima, sisi hatuoni sababu ya kuzigusa. Kuchomeka aluminiamu ndani yake kunakula upana wa tundu pande zote nne, na dirisha la kusukuma tayari linafunguka nusu tu, wakati la mninga la bawaba linafunguka lote. Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, utaikumbuka nusu hiyo. Badilisha mbili zilizooza, ziba njia ya mchwa kwenye msingi na uweke dawa kabla ya fremu mpya, kisha zile tisa ziparwe, zipigwe vanishi, vioo vikazwe upya na nyavu ziwekwe. Fundi wa aluminiamu hatakupa ushauri huu. Uliza bei kwa seremala.

Swali: Tuko Gungu. Tulifunga madirisha mapya mwezi wa tisa. Mvua zilipoanza, maji yanaingia pembe ya chini na kuchuruzika ukutani. Fundi kaja mara tatu kuongeza silikoni, bado yanaingia. Tatizo ni kioo au ukuta? *Msomaji, Gungu.*

Jibu: Msimpe tube nyingine ya silikoni mpaka mjue maji yanapita wapi. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje na ndoo na kopo. Mwagia kizingiti kwanza kwa dakika tano, bila kugusa dirisha. Yakiingia, kosa ni la ukuta: kizingiti kimelala kuelekea ndani, au plasta imeachana na fremu kwa chini. Yasipoingia, mwagia reli. Ikijaa kama hori na kufurikia ndani, hakuna matundu ya kutolea maji, au yapo lakini fundi ameyaziba kwa hiyohiyo silikoni aliyokuja kuongeza. Hili tunaliona sana. Mwisho mwagia pembeni na juu.

Tiba ya reli ni matundu mawili au matatu upande wa nje, kila moja milimita 5 au zaidi, yaliyosafishwa vumbi la drili. Tiba ya kizingiti ni kuvunja na kukisakafia upya kiteremke nje, ukingo wake upite uso wa ukuta kwa sentimita 3 au 4, na chini ya ukingo huo uchorwe mfereji mdogo ili maji yadondoke badala ya kurudi ukutani. Kisha silikoni ya zamani iondolewe yote, kwa kisu, mpaka kwenye aluminiamu na plasta tupu. Silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani, wala juu ya vumbi, wala juu ya plasta mbichi. Harufu yake ikiwa kama ya siki, ni ya aina inayoshika vibaya kwenye saruji. Tafuteni ile isiyo na asidi, imeandikwa kwenye tube.

Mkigundua aluminiamu ina madoa meupe yasiyotoka, ni saruji mbichi iliyoachwa ikaukie juu yake wakati wa kuziba. Hayo hayarudi nyuma. Ndiyo maana ile karatasi ya kinga haibanduliwi mpaka plasta iishe.

Swali: Nyumba yetu Ujiji ni ya tofali za udongo zisizochomwa, imepigwa lipu ya saruji kwa nje. Aluminiamu itashika? *Msomaji, Ujiji.*

Jibu: Ikifungwa moja kwa moja, haishiki. Fisha ya plastiki (ile inayochomekwa kwenye tundu la ukuta ili kushika skrubu) kwenye tofali bichi inazunguka na kumwaga unga, na lipu ya sentimita mbili haiwezi kubeba dirisha. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuweka fremu ya mbao ngumu iliyotiwa dawa, iliyofungwa kwa vyuma vinavyoingia kwenye viungo vya tofali, kisha aluminiamu ikafungwa kwenye mbao hiyo, skrubu ya kwanza sentimita 15 kutoka kila pembe na zinazofuata zisiachane zaidi ya sentimita 60. Ya pili ni kumwaga zege kuzunguka tundu, sentimita 10 hivi, na kuliacha likauke wiki nzima au zaidi kabla ya kutoboa. Kagueni lenta kwanza, yaani boriti iliyo juu ya tundu la dirisha. Katika nyumba nyingi za aina hiyo ni mbao tu, na fremu ya zamani ndiyo inayoisaidia kubeba ukuta wa juu. Isimamieni kwa nguzo za muda kabla hamjang'oa chochote, na mkiikuta imepinda, hela ya madirisha itumike kwanza kwenye lenta.