Umehama Majengo kwenda Bamburi? Anza na kura

Dada, umeuliza kama kuhamia Bamburi kutoka Majengo, hapa Mombasa, kunakulazimu kubadilisha kitambulisho. Ikiwa ni kile cha zamani, kigeuze utazame nyuma: kuna wilaya, tarafa, kata na kata ndogo. Nambari ya nyumba hamna, jina la mtaa hamna. Hicho kiache kwanza. Mimi naingiwa na wasiwasi juu ya kura yako. Majengo ni eneo bunge la Mvita, Bamburi ni la Kisauni. Usipohamisha kura, siku ya kupiga kura jina lako litakuwa bado ng'ambo ya daraja la Nyali. Nenda ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya Kisauni na kitambulisho chenyewe, si kopi, kabla hazijabaki siku 90 kufika uchaguzi. Anwani ya KRA, mamlaka ya kodi, waibadilisha mwenyewe kwenye mtandao wao wa iTax.