Maswali na Majibu: Mustang Iliyotumika, Asili Yake na Namna ya Kuinunua

Wiki chache zilizopita nilidai katika safu hii kwamba mtu anayetaka gari la michezo la Kimarekani lenye milango miwili, na hana fedha za gari jipya, atafute Ford Mustang iliyotumika, kwa sababu nyuma ya sura yake ya fahari limejificha gari la kawaida kabisa. Dai hilo liliwaudhi baadhi ya wasomaji na kuwatia wengine hamu ya kuuliza. Nimechagua barua saba. Nitaendelea kusema "gari la milango miwili", maana jina la Kifaransa la magari ya aina hii, likiandikwa kwa matamshi ya Kiswahili, linakuwa kupe, na wafugaji hawatatuelewa.

Unawezaje kuliita "la kawaida" gari lenye jina kubwa kiasi hicho? (Msomaji, Dodoma)

Naliita hivyo kwa sababu lilizaliwa hivyo. Ford ililizindua tarehe 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, siku 9 kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, na bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 2,368. Lee Iacocca, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha Ford ndani ya kampuni hiyo, aliona kwamba watoto waliozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia walikuwa wanafikia umri wa kununua magari, na kwamba hawakutaka kuonekana katika gari la baba. Alijua pia kwamba kampuni ilikuwa haijasahau hasara ya Edsel, gari lililoangushwa na soko miaka michache tu kabla, na kwamba isingemwaga fedha kuunda gari jipya kuanzia chini hadi juu. Wahandisi wakachukua sehemu za chini na mitambo ya Falcon, gari dogo la familia, wakaivisha bodi yenye boneti refu na buti fupi, kisha wakamwachia mnunuzi orodha ndefu ya nyongeza za kuchagua mwenyewe, tangu injini hadi mapambo. Karani aliyechagua injini ya silinda 6 na kijana aliyechagua V8, injini ya silinda 8, waliondoka dukani na sura ileile.

Kufikia Machi 1966 Mustang milioni moja zilikuwa zimetengenezwa, na hapo ndipo faida ya mnunuzi wa leo inapotokea. Gari lililotengenezwa kwa wingi hivyo, kwa vyuma vya gari la familia, haliwezi kukosa spea: huko Marekani zinauzwa mpya hadi leo milango, mabawa, sakafu, hata bodi nzima ya Mustang ya miaka ya 1960 iliyofinyangwa upya. Ukitafuta kioo cha mlango cha gari adimu la Kiitaliano la wakati huo, utatafuta hadi uzeeke.

Kwa nini Mustang za miaka ya 1970 zinauzwa rahisi, na je, ninunue? (Msomaji, Mwanza)

Bila shaka unazungumzia Mustang II, iliyoanza na modeli ya 1974, ambayo kwa desturi ya Marekani iliingia sokoni mwaka uliotangulia. Kabla yake Mustang ilikuwa imenenepa mwaka hadi mwaka, hadi Iacocca akaagiza irudishwe kuwa ndogo, na safari hii ikaazima vipande vingi kwa Pinto, gari la bei nafuu kabisa la Ford. Injini ya msingi ya lita 2.3 ilitoa nguvu farasi 88 tu, na mwaka huo wa kwanza V8 haikuwapo kabisa. Wapenzi wa gari hili wameitukana tangu wakati huo. Wanasahau kwamba iliingia sokoni majuma machache kabla ya nchi za Kiarabu kusitisha mauzo ya mafuta kwa Marekani mnamo Oktoba 1973, na kwamba ziliuzwa zaidi ya 380,000 katika mwaka wa modeli wa 1974, wakati magari makubwa yalikuwa yanaota vumbi. Iliokoa jina, lakini sikushauri uinunue, kwa kuwa waliotengeneza spea za miaka ya 1960 kwa upendo hawakuipenda hii, na bodi yake ikishaliwa na kutu hutapata pa kukimbilia.

Jina hilo lilinusurika tena mwaka 1987, ilipojulikana kwamba Ford ilikusudia kulihamishia kwenye gari lililoundwa kwa ushirikiano na Mazda, lenye kuvutwa kwa magurudumu ya mbele. Wateja waliiandikia kampuni barua za hasira kwa wingi. Gari lile likatoka kwa jina la Probe na likazikwa mwaka 1997, na Mustang ikaendelea kusukumwa na magurudumu ya nyuma.

Nimeonyeshwa Mustang ya 1966. Muuzaji anasema ni V8 "ya asili", na bei yake ni ya V8. Nitajuaje? (Msomaji, Minneapolis)

Ndugu yangu, usianze na rangi wala mlio wa injini. Fungua boneti, utafute namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma cha ndani cha bawa la mbele, upande wa dereva. Tarakimu ya kwanza ni mwaka, nayo iwe 6. Herufi ya pili ni kiwanda: F ni Dearborn, R ni San Jose, T ni Metuchen. Tarakimu mbili zinazofuata ni bodi: 07 ni ya paa la kawaida, 08 ni ya paa la kukunja, na 09 ni ile ambayo paa lake linateremka hadi nyuma, inayopendwa kuliko zote. Herufi ya tano ndiyo inayotoa jibu lako. C, A na K ni V8 ya inchi za ujazo 289, zikiwa na nguvu farasi 200, 225 na 271 kwa mfuatano huo. Ukikuta T, gari lilizaliwa na silinda 6 yenye nguvu farasi 120, na V8 unayoonyeshwa iliingizwa baadaye. Kibati kilichoko kwenye mlango nacho kina namba, lakini vibati vipya vinachongwa na kuuzwa, kwa hiyo kitumie kulinganisha tu.

Kisha chuchumaa, uhesabu nati za gurudumu. Magari ya silinda 6 ya mwaka huo yalitoka kiwandani na nati 4, na ya V8 yakatoka na 5. Aliyebadilisha injini akaacha nati 4 amekuachia breki na ekseli zilizokusudiwa kubeba injini nyepesi, na hilo ni jambo la usalama kabla halijawa la bei. Kubadilishiwa injini si kosa, na mimi mwenyewe ningelipenda gari la namna hiyo likiwa limefanywa vizuri; kosa ni kulipia herufi ambayo haipo.

Jambo la tatu linahitaji chupa ya maji tu. Chini ya kioo cha mbele kuna matundu ya hewa, na chuma cha chini yake huoza kwa siri kwa sababu majani na unyevu hukaa humo. Inua zulia la mbele, mimina maji polepole kwenye matundu hayo, kwanza upande mmoja kisha mwingine, halafu papasa sakafu kwa mkono. Niliwahi kufanya hivyo mbele ya muuzaji aliyeniapia kwamba gari halina kutu hata ya kuwekea dawa. Maji yalinitiririkia kwenye kiatu kabla chupa haijafika nusu, naye akapunguza bei bila kuombwa. Sikulinunua, kwa sababu kuziba tundu hilo kunataka kutindua nati na mishono ya kulehemu iliyofichwa chini ya bawa na kioo, kazi ya siku nyingi kwa fundi anayejua.

Nipo Kentucky, nataka Mustang ya kwenda nayo kazini kila siku. Nichague mwaka gani? (Msomaji, Louisville)

Tuanzie mwaka 2005, ambapo sura ya miaka ya 1960 ilirudishwa na kazi ya kuunda magari ikahamia kiwanda cha Flat Rock, Michigan. V8 ya lita 4.6 ya miaka hiyo, yenye nguvu farasi 300, ni injini ya kuaminika yenye tabia moja ya kuudhi: plagi zake za mwanzo, hadi modeli za karibu 2008, ziliundwa kwa vipande viwili, na fundi akizifungua, kipande cha chini hukatikia ndani ya silinda hedi. Muulize muuzaji kama zimekwisha kubadilishwa, na akuonyeshe risiti. V6 ya lita 4.0 ya wakati huo ina cheni za ndani zinazogongana zikichakaa. Ukisikia njuga injini inapowashwa ikiwa baridi, aga kwa adabu uondoke.

Chaguo langu kwa matumizi yako ni modeli za 2011 hadi 2014 zenye V6 ya lita 3.7. Watu huzidharau kwa sababu si V8, ilhali nguvu farasi zake 305 zinazidi zile 300 za V8 ya mwaka 2005, na kwa kuwa hazitamaniwi na vijana wa kuchoma tairi, nyingi zimeendeshwa na watu waliokuwa wanakwenda kazini kama wewe. Ikiwa roho haitulii bila V8, ile ya lita 5.0 iliyoanza mwaka 2011 ina nguvu farasi 412 na ni imara. Ukichukua yenye gia za mkono, liendeshe asubuhi kabla halijapata moto, uingize gia ya pili mara kadhaa. Ikikataa au kukwaruza, ni tatizo ambalo wenye magari hayo wamelilalamikia sana, na hakuna oili itakayolimaliza. Kuanzia 2015 magurudumu ya nyuma yalipata springi zinazojitegemea, na barabara mbovu huzisikii tena mgongoni, ingawa bei nayo inapanda.

Modeli za 2005 hadi 2014 zimo katika wito wa kubadilisha mifuko ya hewa ya kampuni ya Kijapani ya Takata, ambayo inaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya usalama barabarani ya Marekani, uone kama kazi hiyo imefanyika. Huduma ni bure, na matengenezo pia.

Huku naona Mustang za karibuni kutoka Marekani zikiuzwa kwa bei ya kushangaza. Siri ni nini? (Msomaji, Muscat)

Siri ni ajali au maji. Kampuni ya bima ya Marekani ikiona kwamba gharama ya kutengeneza gari inakaribia thamani yake, humlipa mwenye gari, hulipeleka mnadani, na hati yake hupigwa alama ya kudumu. Mengi ya magari hayo husafirishwa nje, hunyooshwa ambako ufundi ni rahisi, na mnunuzi wa mwisho huonyeshwa rangi mpya. Omba namba ya chesisi, ulipie taarifa ya historia ya gari kabla hujaenda kulitazama. Mara nyingi utakuta hata picha za mnadani.

Kuhusu maji, vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Wauzaji huosha mazulia na viti, lakini ni wachache wanaokumbuka sehemu ya mkanda inayoishi ndani ya nguzo, nayo huhifadhi mstari wa tope kama ukuta wa nyumba iliyofurikiwa. Baada ya kimbunga Harvey kuizamisha Houston mwaka 2017, magari ya namna hiyo yalitapakaa mbali.

Je, naweza kuingiza Mustang Kenya? (Msomaji, Nairobi)

Unaweza, ndani ya mipaka miwili: usukani uwe wa kulia, na gari lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ford ilianza kutengeneza Mustang ya usukani wa kulia kiwandani kwa modeli ya 2015, ikaiuza Uingereza, Australia na Afrika Kusini, kwa hiyo tafuta huko. Ukionyeshwa ya zamani zaidi yenye usukani wa kulia, jua kwamba imehamishiwa usukani baada ya kutoka kiwandani, na umuulize aliyeifanya kazi hiyo. Piga hesabu za ushuru mapema, kwani injini ya lita 5.0 na ile ya lita 2.3 yenye turbo hazitozwi sawa. Ndugu zetu wa Burundi, Rwanda na Kongo, wanaoendesha upande wa kulia wa barabara, wana uwanja mpana kuliko wewe.

Tahadhari kuhusu petroli: namba ya oktani, yaani kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati, inayoandikwa kwenye pampu za Marekani huhesabiwa tofauti na yetu, hivi kwamba 87 yao ni takriban 91 ya huku, na 93 yao inakaribia 98. Nguvu farasi 310 za ile injini ya turbo zilipimwa kwa 93 ya Marekani. Kwa petroli ya chini zaidi gari litakwenda, lakini kompyuta yake itapunguza nguvu ili kuilinda injini.

Tuna watoto wawili wadogo. Mume wangu anasema viti vya nyuma vinatosha. (Msomaji, Mombasa)

Dada yangu, vinatosha kwa maana ya kwamba vipo. Januari 2017 shirika la Ulaya la kupima usalama, Euro NCAP, liliipa Mustang nyota 2 kati ya 5, na moja ya sababu ilikuwa ulinzi hafifu wa abiria wa nyuma. Toleo lililorekebishwa mwaka huohuo lilipata nyota 3. Kabla mumeo hajalipa, nendeni pamoja na viti vya watoto mnavyotumia sasa, avifunge yeye mwenyewe akipitia mlango wa mbele, awaingize watoto wote wawili na kuwatoa, kisha arudie mara moja zaidi huku ameshika mfuko wa sokoni.